Nani Kakulipia Tiketi, Mheshimiwa?

*Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kongamano la vijana wa chama la kanda yetu. Wengi mliniomba maandishi, nayo ni haya. Nimepunguza salamu tu, mengine yote yamebaki.*



Nimepewa dakika ishirini kuzungumza juu ya uwazi bungeni. Najua neno "uwazi" limechoka. Kila mtu analitaja, mpaka wale wanaofunga madirisha. Kwa hiyo sitalizungumza kwa jumla. Nimechagua kitu kimoja kidogo ambacho unaweza kukishika mkononi: tiketi ya ndege. Mbunge amesafiri, amelala hoteli, amekula, amerudi. Hela hazikutoka mfukoni mwake wala hazikutoka Bungeni. Nani kalipa? Na sisi wapiga kura tutajuaje?

Mtaniambia, dada, nchi ina matatizo makubwa, wewe unatuletea habari za tiketi. Subirini kidogo.

Mbunge kazi zake mnazijua: kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali. Kazi hizo nyingi zinafanyika kwenye kamati, na kamati ni watu wachache. Ukitaka kumshawishi mbunge wa kamati ya nishati, huna haja ya kumpa bahasha. Bahasha ni ushamba, tena TAKUKURU wanaweza kukukamata nayo. Wewe mwalike "ziara ya mafunzo". Siku sita kwenye mji mzuri, asubuhi semina ya saa moja, jioni chakula na wakubwa wa kampuni. Akirudi, hakuna risiti ya rushwa popote. Kuna shukrani tu. Na shukrani, ndugu zangu, mahakama haiwezi kuipima kwenye mizani.

Waswahili walishaona zamani kwamba mkono mtupu haulambwi. Hata sheria yetu iliwahi kujaribu kuuhalalisha mkono uliojaa. Wadogo hapa labda hamkumbuki neno "takrima". Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikasema kwamba ukarimu wa kienyeji wa mgombea kwa wapiga kura usihesabiwe kuwa rushwa. Chumvi, pilau, fulana, yote yakawa takrima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikavifuta vifungu vile kwamba vinakwenda kinyume na Katiba. Sababu mojawapo: vinambagua mgombea asiye na kitu mbele ya mwenye nacho. Kesi ile naipenda sana, kwa sababu ilikubali jambo ambalo kila bibi kijijini analijua: ukarimu unaweza kuwa bei.

Sasa kama Mahakama ilikataa takrima ya mgombea kwa mpiga kura, mbona hatuulizi juu ya takrima ya kampuni kwa mbunge?

Wenzetu walivyofika hapo

Nitatoa mifano ya mbali, kwa sababu kule kuna makaratasi ya kusoma. Haina maana kwamba wao ni wasafi. Mtaona wenyewe.

Marekani kulikuwa na bwana mmoja wa ushawishi anaitwa Jack Abramoff. Kazi yake ilikuwa kulipwa na wateja ili awaongelee kwa wabunge. Agosti 2002 aliandaa safari ya Scotland kwenda kucheza gofu St Andrews, kwa ndege ya kukodi. Kati ya waliokwenda ni mbunge wa Ohio, Bob Ney. Safari ile iligharimu zaidi ya dola 160,000. Ney akajaza fomu, maana fomu zilikuwepo tayari, lakini akaijaza uongo. Abramoff alikiri makosa Januari 2006. Ney akakiri Oktoba mwaka huohuo, na Januari 2007 akahukumiwa kifungo cha miezi 30.

Hapa nataka mtazame wasaidizi. Neil Volz alikuwa mkuu wa ofisi ya Ney, kisha akahamia upande wa Abramoff, akawa anamshawishi bosi wake wa zamani. William Heaton akashika kiti kilekile cha mkuu wa ofisi. Wote wawili walikuja kukiri makosa mahakamani. Mnaona? Mlango wa mheshimiwa una mtu anayeushika kitasa. Ndiye anayepanga nani aonane naye, ndiye anayemwandikia hotuba, ndiye anayesoma muswada usiku wakati bosi amelala. Mwenye akili haanzi na mbunge, anaanza na msaidizi. Kwetu hapa kuna katibu wa mbunge, kuna makatibu wa kamati, kuna watumishi wa Bunge. Uwazi ukiishia kwa mbunge peke yake, umefunga mlango ukaacha dirisha.

Baada ya kashfa ile, Baraza la Wawakilishi lilibadilisha kanuni zake mwanzoni mwa 2007, na tarehe 14 Septemba 2007 Rais George W. Bush akasaini sheria ya uongozi wa uadilifu na serikali ya uwazi. Utaratibu wao sasa, kwa ufupi, uko hivi. Mbunge au mfanyakazi wake akialikwa safari inayolipiwa na mtu binafsi, anapeleka maombi Kamati ya Maadili siku 30 kabla. Mfadhili naye anajaza fomu yake, anasaini kwamba hela ni zake na hazikutoka kwa mwingine. Kampuni inayoajiri watu wa ushawishi kwa kawaida hairuhusiwi kulipia zaidi ya safari ya siku moja. Msafiri akirudi ana siku 15 za kuandika: nani kalipa, nauli kiasi gani, hoteli kiasi gani, chakula kiasi gani, ratiba ilikuwaje, kama alifuatana na mke au mume. Fomu zile zinawekwa mtandaoni. Wewe hapo ulipo, na bando lako, unaweza kuzifungua.

"Lakini si wataongopa tu?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila nikizungumza habari hizi. Fomu itasaidia nini kama mtu ni mwongo?

Jibu langu ni safari ya Baku. Mei 2013 wabunge kumi wa Marekani na wasaidizi 32 walikwenda Azerbaijan kwenye mkutano. Fomu zilisema wafadhili ni asasi zisizo za kiserikali zenye makao Marekani. Baadaye ofisi ya uchunguzi wa maadili ya Bunge lao ikagundua kwamba hela, dola 750,000, zilitoka kwa SOCAR, shirika la mafuta la serikali ya Azerbaijan, zikapitishwa kwenye asasi zile. Na shirika lile lilikuwa na mradi mkubwa wa gesi ambao lilitaka usiguswe na vikwazo dhidi ya Iran. Mnaanza kuelewa kwa nini watu walipewa mazulia kama zawadi.

Wabunge wenyewe walionekana hawakujua, hawakuadhibiwa. Lakini kiongozi wa asasi mojawapo, Kemal Oksuz, alikamatwa Armenia mwaka 2018, akarudishwa Marekani, na Desemba mwaka huo akakiri kosa. Kosa gani? Si rushwa. Ni kuficha chanzo cha hela kwenye fomu aliyoipeleka Bungeni.

Wanafunzi wenzangu wa sheria mtanielewa haraka hapa, na wengine nitawaeleza. Kuthibitisha rushwa ni kazi ngumu mno. Lazima uonyeshe kilichotolewa, uonyeshe kilichofanywa, halafu uonyeshe kwamba hiki kilikuwa kwa ajili ya kile. Mheshimiwa atasema, "Ah, yule ni rafiki yangu tu." Unabaki mikono mitupu. Lakini kuthibitisha kwamba karatasi ina uongo ni rahisi zaidi. Unachukua fomu, unaiweka karibu na taarifa ya benki, hakimu anasoma mwenyewe. Kwa hiyo fomu haimfanyi mtu kuwa mkweli. Fomu inamlazimisha achague: aseme ukweli tukaujua, au aongope kwa saini yake tukawa na pa kumshikia. Bila fomu hana haja hata ya kuongopa. Ananyamaza tu, na kunyamaza si kosa.

Mfano wa pili ni Uingereza. Kule mbunge anapaswa kuandikisha safari za nje alizolipiwa na wengine, na hata wasaidizi wa wabunge wana daftari lao la maslahi. Mwaka 2013 mbunge wa North Antrim, Ian Paisley, alikwenda mapumziko Sri Lanka na familia yake mara mbili, kwa gharama ya serikali ya Sri Lanka. Hakuandikisha. Mwaka uliofuata akamwandikia Waziri Mkuu David Cameron barua ya kuitetea serikali ileile juu ya azimio la Umoja wa Mataifa. Gazeti lilipofichua mwaka 2017, uchunguzi ukafanyika, na Julai 2018 Bunge likamsimamisha vikao 30.

Halafu ikaja sehemu ninayoitamani kwetu. Sheria yao ya 2015 inasema mbunge akisimamishwa namna hiyo, wapiga kura wa jimbo wanafunguliwa daftari la kumwita nyumbani. Zilihitajika saini 7,543. Zikapatikana 7,099. Akaponea chupuchupu. Mtasema alishinda. Sawa, lakini walioamua ni watu wa jimbo lake, wakiwa na taarifa zote mezani. Alibaki mpaka 2024, uchaguzi ukamwangusha.

Sasa turudi nyumbani

Sisi hatuanzi na karatasi tupu. Katiba yetu ibara ya 132 imeunda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na wabunge wamo. Kila mwaka wanapeleka tamko la mali na madeni kwa Kamishna. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Na kwenye Kanuni za Bunge lipo sharti la kutangaza maslahi unapochangia. Si tunawasikia? "Mheshimiwa Spika, naomba kutangaza maslahi, mimi ni mkulima." Watu wanacheka, hoja inaendelea.

Tatizo ni kwamba daftari lile la matamko limekaa ofisini. Kulikagua ni kwa masharti. Haliko mtandaoni ambako mama muuza mbogamboga anaweza kuliona kwenye simu ya mwanawe. Na tamko la mara moja kwa mwaka halitakusaidia kujua kwamba mjumbe wa kamati alilipiwa safari mwezi Machi na kampuni ambayo muswada wake unajadiliwa Aprili. Tunatangaza mashamba, hatutangazi safari.

Kwa hiyo mambo haya tunayajua kwa bahati. Kumbukeni sakata la Jairo la Julai 2011. Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini alizitaka taasisi zilizo chini ya wizara zichange shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha bajeti ya wizara bungeni. Tulijuaje? Kwa sababu mheshimiwa Beatrice Shellukindo, mbunge wa Kilindi wakati huo, tena wa chama tawala, alisimama na barua mkononi. Barua ile isingemfikia, leo tusingekuwa na neno "sakata la Jairo". Nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutegemea barua ivuje.

Na sisi je?

Hapa ndipo wengine mtaninunia, lakini sikuja kupigiwa makofi tu.

Wabunge wetu na viongozi wetu nao wanasafiri. Wanaalikwa kwenye semina, mikutano ya vyama rafiki, mafunzo ya asasi za nje. Taasisi za Ujerumani kama Konrad Adenauer na Friedrich Ebert zimefanya kazi nchini humu miaka mingi. Sioni ubaya wowote. Chama kisichopata ruzuku ya maana kitajifunza wapi? Lakini tukitaka CCM waandike, na sisi tuandike. Haiwezekani tuulize "nani kakulipia" huku tumekalia risiti zetu.

Najua hofu iliyopo, na ni hofu ya haki. Tukiandika, kesho tutaitwa vibaraka wa mabeberu. Mfadhili atasumbuliwa. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 yalishataka anayetaka kutoa mafunzo kwa chama amtaarifu Msajili siku 30 kabla. Vyama vyetu vilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Machi 2022 Mahakama ikasema baadhi ya vifungu vya marekebisho yale vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mtu ataniuliza: dada, tulipinga kutoa taarifa kwa Msajili, leo wewe unatuletea fomu?

Tofautisheni vitu viwili. Kuna kuomba ruhusa kwa mwenye rungu, na kuna kumwambia ukweli mwenye kura. Msajili anateuliwa na Rais, ambaye ni mwenyekiti wa chama tunachoshindana nacho. Kumpa mtu huyo nafasi ya kuamua nani atufundishe ni kumpa mshindani ufunguo wa nyumba. Mimi sisemi tuombe kibali. Nasema ukirudi safari, ndani ya siku 15 uandike mahali ambapo kila mtu anaona. Hata wale Wamarekani wenye kibali cha kabla wamekipa Kamati ya Maadili yenye wajumbe sawasawa wa vyama vyote viwili, ili hakuna upande unaoweza kuugeuza kuwa fimbo.

Na kuhusu kuitwa vibaraka: tunaitwa hata sasa, bila kuandika chochote. Siri haijawahi kutukinga. Inawapa nafasi ya kubuni kiasi wanachotaka. Kumbukeni Septemba 2017, mheshimiwa Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma, akapelekwa Nairobi, baadaye Ubelgiji. Bunge lilikataa kulipia matibabu, watu wakachanga hadharani. Safari ya kuokoa maisha si safari ninayoizungumza, mgonjwa hajazi fomu. Lakini mtazame jinsi uwazi ulivyofanya kazi: mchango ule ulikuwa wetu, tuliujua, na tulisimama nao vifua mbele.

Ninachoomba

Naomba kongamano hili lipeleke azimio juu, lenye mambo manne.

Kwanza, wabunge wetu wapeleke hoja Bungeni ya kubadili Kanuni, ili kila safari inayohusiana na kazi ya ubunge na kulipiwa na mtu, kampuni, asasi au serikali ya nje iandikwe ndani ya siku 15 na iwekwe kwenye tovuti ya Bunge. Serikali za nje nazitaja makusudi. Marekani waliacha tundu hapo: safari zinazolipwa chini ya sheria yao ya mabadilishano ya utamaduni ya 1961 hazipiti kwenye fomu zile. Tusirithi tundu la mwenzetu.

Pili, makatibu wa wabunge na watumishi wa kamati waandike vilevile.

Tatu, mfadhili naye asaini kwamba hela ni zake. Baku imetufundisha hilo.

Nne, na hili halihitaji kura ya CCM wala saini ya Rais: kuanzia sasa, kila anayechukua fomu ya kugombea ubunge kupitia chama chetu asaini ahadi hii kabla ya kuteuliwa, na viongozi wa taifa waanze kuandika safari zao kwenye ukurasa wa chama. Karatasi moja inatosha: umekwenda wapi, siku ngapi, nani kalipa, kiasi gani, umefuatana na nani, umekutana na nani, na ana shauri gani mbele ya kamati yako. Maswali saba. Mtu aliyefaulu kidato cha nne anayajaza kabla chai haijapoa.

Hoja ya kwanza wanaweza kuikataa, tunajua hesabu za kura mle ndani. Wakatae, iingie kwenye Hansard kwamba wamekataa. Lakini hili la nne ni letu, hakuna wa kutuzuia isipokuwa sisi wenyewe. Likipita, siku mgombea wetu akisimama jukwaani kumuuliza mwenzake nani kalipa, na yeye atakuwa na jibu lake mfukoni.

Kuna viongozi hapa meza kuu. Nawaheshimu, wengine mmelala mahabusu kwa ajili yetu. Kwa heshima hiyohiyo nawaomba muwe wa kwanza kuijaza. Fomu nimekuja nazo, ziko pale mlangoni kwa kamanda wa usajili.